Mkwe Asiyetazamwa

Najua wengine wenu gazeti la wiki jana, lenye mwanzo wa kisa hiki, mlilifungia maandazi kabla ya kulisoma. Basi sogeeni, nitaeleza mara moja tu kisha tukimbie.

Kavetsa wa Vihiga alishuka Nairobi alfajiri akimshika mkono mjukuu wake Musimbi. Pale stendi ya mabasi mwanamume mmoja akamwambia yeye ndiye Shivachi, mume wa binti yake Jentrix, akamchukua mtoto akatangulia naye. Kavetsa akaletwa Gatwekera, mtaa anakoishi Jentrix, na hamali mwenye baiskeli. Jentrix, aliyekuwa amerudi sasa hivi kutoka kibarua cha alfajiri, akafungua mlango, akatazama nyuma ya mama yake, akauliza mtoto yuko wapi.

"Si mume wako amemchukua," Kavetsa akajibu.

Na ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, mwanamume akakohoa.

"Mama," Jentrix alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mume wangu yuko humu ndani. Yuko kitandani tangu aanguke kule kazini, mjengo. Hata chooni anaenda kwa fimbo."

"Nani amekohoa?"

"Ni yeye."

Kavetsa akaweka kikapu chini. Alikiweka polepole sana, kwa sababu ndani mlikuwa na mayai.

"Basi mtoto nimempa nani?"

Majirani waliokuwa wakifua kwenye ujia ule mwembamba waliacha kufua.

Sasa najua mtanishika shati mjini. Mtauliza, mama mzima, mwenye akili zake, anampaje mtu mtoto bila hata kumtazama uso? Tulieni. Kwa kina Kavetsa, mama hamtazami mkwe wake. Mkwe akija njiani, mama anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na kulala chini ya paa moja ni jambo ambalo hata walevi hawalifanyii mzaha. Siku ya mahari Shivachi aliketi kofia ikiwa imemfika puani, na Kavetsa akapita ukutani kichwa chini. Uso wa mkwe wake hakuwahi kuuona. Sauti yake hakuwahi kuisikia.

Na yule mtu wa stendi alifanya kila kitu sawasawa. Alisimama upande, akashusha kofia, hakunyoosha mkono. Alisema na ardhi, si na Kavetsa. "Mama, mimi ni mkwe wako Shivachi. Haifai tuongozane njia moja. Mimi nitatangulia na mtoto. Huyu hamali atakuleta polepole. Kwanza akupe chai, umechoka."

Kavetsa alimgeuzia mgongo mpaka aondoke, kama inavyotakiwa. Alifurahi moyoni. Alijisemea kwamba katika mji huu usio na adabu, binti yake amepata mwanamume mwenye adabu. Na Musimbi aliposita, bibi yake mwenyewe ndiye aliyemsukuma begani akamwambia, nenda na baba.

Maneno hayo matatu, nenda na baba, yalimrudia pale mlangoni.

Ikabidi kuulizana. Lakini kuulizana vipi? Shivachi yuko ndani, mama mkwe yuko nje, na chumba ni kimoja. Jentrix akawa anaingia na kutoka, akibeba maneno huku na huku, na mimba yake ya miezi mingi ikimtangulia.

"Anauliza huyo mtu alifananaje."

"Mwambie sikumtazama."

Jentrix akaingia. Kukasikika mnong'ono. Akatoka.

"Anasema pole sana, mama. Anasema angekuwa mzima angekuja mwenyewe stendi. Lakini anasema wewe ulituma neno kwamba unakuja kesho."

"Mimi? Nilimwambia utingo wa basi, mbele ya watu, nakuja Alhamisi. Leo si Alhamisi?"

Akaingia, akatoka.

"Utingo alimpata yeye hapa, mimi nilikuwa kazini. Anasema alisikia Ijumaa."

Kavetsa hakubishana. Mtu aliyepoteza mtoto hana nguvu ya kubishania siku.

Mjue pia kwamba Musimbi si wa Shivachi. Jentrix alimzaa kabla hawajajuana, akamwacha kwa bibi yake. Mwaka huu, karo ya madarasa ya chini ilipoondolewa, Jentrix akashikilia kwamba mtoto aje asome hapa Nairobi, karibu na mama yake. Shivachi alikataa miezi kadhaa, akanuna, kisha mwezi uliopita akakubali. Jentrix alikuwa amemshonea mtoto shuka ya kwake. Ilikuwa imekunjwa juu ya sanduku, na Jentrix kila akiingia aliiona.

Majirani nao wakaleta mashauri. Mmoja akasema waende redioni watangaze. Mwingine akasema waende kwa chifu. Kijana mmoja aliyevaa suruali pana miguuni akatikisa kichwa.

"Mathe, hii ni Nairobi," akasema.

Siku hiyo Kavetsa aliambiwa hivyo na watu wengi. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mtu afanye nini baada ya kujua kwamba hii ni Nairobi.

Hapo ndipo Mabrouka akafika. Huyu alikuwa Mnubi wa Makina, mtaa wa jirani, mama wa makamo mwenye nyumba zake za kupangisha, ambaye Jentrix alimfulia nguo. Yeye ndiye aliyekubali kumlaza Kavetsa kwake, kwa sababu hiyo ya paa moja niliyowaeleza. Alisikia mgeni amefika siku moja mapema, akaja kumchukua, akakuta msiba.

"Subhana'llah," alisema aliposikia yote. "Yaani mwanamume yuko hapo ndani na hamuwezi kuongea uso kwa uso? Sisi mkwe wetu tunamwekea chai na mkate wetu wa kisra, tunamwuliza habari za kazi."

"Kila watu na mambo yao, mama Mabrouka," Jentrix alisema kwa unyonge.

"Sawa. Lakini aliyemwona huyo mtu ni nani?"

"Hamali," Kavetsa akasema, na kwa mara ya kwanza akainua kichwa. "Yule hamali, Nzomo. Yeye alimwona uso. Walizungumza." Kisha akakumbuka jambo jingine, akakishika kikapu. "Hata jogoo niliyemletea mkwe nimemwacha kwake. Alikuwa amening'inia kwenye usukani wa baiskeli."

Ndani pazia lilitikisika kidogo, au pengine ni upepo.

Wakagawana kazi. Jentrix akaenda stendi kumtafuta Nzomo. Mabrouka akampeleka Kavetsa kwa askari. Shivachi, maskini, akabaki kitandani na mguu wake.

Kituoni kulikuwa na askari mmoja mezani, mtu mpole, na huo upole wake ndio uliommaliza Kavetsa nguvu.

"Ulimpa mwenyewe, mama? Hakukunyang'anya?"

"Nilimpa."

"Kwa sababu alisema ni mkwe wako."

"Ndiyo."

"Ukimwona tena utamtambua?"

Kavetsa akafikiri. Alitaka sana kusema ndiyo.

"Nitatambua viatu," akasema.

Askari akaweka kalamu chini.

"Viatu vya kahawia," Kavetsa aliendelea haraka, kabla hajachekwa. "Cha kushoto kimefungwa na waya wa stima, mwekundu, badala ya kamba. Nilikuwa nimeinamisha macho. Niliona viatu tu."

Hakuchekwa. Askari alimtazama Mabrouka kama mtu anayeomba msaada. "Mama, Nairobi yote imevaa viatu," akasema. "Alienda upande gani?"

"Alipanda gari. Nilikuwa nimempa mgongo, lakini utingo nilimsikia anaita Kawangware, Kawangware. Nikafikiri ndiko kwa Jentrix. Nikafikiri ni jina lingine la huku."

Mabrouka akafumba macho kidogo. Askari akaahidi kupeleka habari kituo cha upande huo. Alikuwa mkweli, na gari la kituo lilikuwa moja, na lilikuwa kwingine.

Basi wakaenda kwa miguu. Walipita Ayany, kwenye nyumba zile za mawe zenye maua na mageti, wakavuka barabara ya Ngong, wakaendelea. Mabrouka alitembea akitazama mbele. Kavetsa alitembea akitazama chini. Aliona viatu vya makarani, viatu vya askari, malapa ya tairi, miguu mitupu ya vibarua iliyojaa saruji. Nyumbani anaweza kumjua mtu kwa namna anavyokohoa ng'ambo ya bonde. Huku watu walimgonga bega na kupita, bila kumwona wala kumsalimu, na yeye aliwasalimu wote mpaka Mabrouka akamwambia kwa upole aache.

"Unachoka bure, dada. Hawakatai. Hawajui kama ni wao unawasalimu."

Kavetsa akaacha kusalimu. Kwao yeye ndiye anayeitwa mwanamke akishikwa na uchungu usiku, na hakuna mlango usiofunguka akibisha. Sasa alikuwa ameshika ncha ya nguo ya mwenzake kama asiyeona, akiogopa kuachwa barabarani.

Kawangware waliikuta na matope mekundu ya mvua ya jana, soko likiwa limejaa. Mahindi ya kuchoma, makaa, viazi, nguo za mitumba zimetundikwa kwenye kamba. Na pale kwenye kamba, mwanamume mmoja alikuwa ameshika mkononi sweta ndogo, mkono mmoja mwekundu, mkono mmoja kijani.

Kavetsa alimfumia Musimbi sweta hiyo mwenyewe, kwa masalio ya nyuzi za kwaya ya kanisa. Duniani hakuna ya pili.

Nawaambia msimlaumu kwa alichofanya. Kwao mtoto akipotea, au nyumba ikishika moto, mwanamke anapanda mahali pa juu, anaweka mkono mdomoni na kupiga nduru. Bonde zima linaacha jembe na kuja. Wanakuja kuuliza kuna nini, wanagawana njia, wanatafuta. Ndivyo alivyojua maisha yake yote, kwamba ukizidiwa unapiga nduru.

Akapiga nduru.

Watu wakaja, tena mbio. Lakini hawakuuliza kuna nini. Walimwona mama analia akimnyooshea mtu kidole, na mtu ameshika nguo.

"Mwizi," mmoja akasema, na hilo likatosha.

Mtu wa mitumba alianguka kabla hajafungua mdomo. Ngumi, mateke, kipande cha ubao. Kavetsa akapiga kelele waache, si hivyo, muulizeni tu, lakini kelele yake nayo ilisikika kama ile ya kwanza, na waliokuwa mbali wakazidi kuja. Kadiri alivyolia ndivyo walivyompiga. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Aliyemwokoa mtu yule ni Mabrouka. Alijirusha chini kwa uzito wake wote, akamfunika na lile vazi pana la Kinubi, akakumbatia kichwa chake kifuani.

"Huyu ni mkwe wangu," akasema. "Mume wa binti yangu. Mnaniulia mkwe wangu kwa nini?"

Watu wakasimama na mawe mkononi. Mama wa Kiislamu aliyejilaza matopeni juu ya mkwe wake, hilo halikuwa katika mpango wao. Mmoja mmoja wakaangusha mawe na kukumbuka walikokuwa wakienda. Kavetsa alitazama mwanamke amemshika mkwe kifuani, hata kama ni mkwe wa uongo, akajua kwamba yeye asingeweza, hata mtu angekufa mbele yake.

Mtu yule aliitwa Obiero. Alikaa kwenye debe, damu ikimtoka puani, akamtazama Kavetsa bila chuki, kwa mshangao tu.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Nisamehe mwanangu. Hiyo sweta ni ya mjukuu wangu."

"Ungeniuliza. Ningekupa." Akapangusa pua. "Asubuhi, nikipanga mali, alikuja mtu na msichana mdogo. Akamnunulia gauni la bluu, akamvalisha hapa hapa, na sweta akaniachia. Nikamwambia mtoto atahisi baridi. Akasema atapata nyingine anakokwenda."

"Mtoto alikuwa analia?"

"Hapana. Alikuwa anauliza maswali mengi. Alitaka kujua bibi atafika saa ngapi."

Kavetsa akakaa chini, hapo hapo matopeni. Mabrouka ndiye aliyeendelea kuuliza.

"Huyo mtu alikuwa na viatu gani?"

"Viatu sijui. Mimi nauza nguo, naangalia mabega. Alikuwa na kofia imeshuka. Mrefu wa wastani, mwenye nguvu, kama watu wa mjengo." Obiero akafikiri. "Na alikuwa anachechemea. Mguu wa kushoto. Akitembea anashika ukuta. Waliingia hivi, kwa hizi nyumba za nyuma, na baadaye nikamwona anarudi peke yake."

Walizunguka nyumba za nyuma mpaka jua likaanza kushuka. Walibisha, wakauliza msichana mwenye gauni la bluu. Milango mingine haikufunguliwa. Mingine ilifunguliwa na watu wema waliosikitika sana na hawakujua kitu. Kavetsa alitaka kuita jina la mtoto, Musimbi, kwa sauti, ili kama yuko ndani ya mojawapo asikie. Alifungua mdomo mara nyingi. Kila mara alimwona Obiero chini, akaufunga.

Wakarudi, sweta ikiwa ndani ya nguo ya Kavetsa, kifuani.

Mvua iliwakuta Makina. Mabrouka alitaka mgeni aingie kwake abadilishe nguo, na yeye mwenyewe aswali magharibi, maana muadhini alikuwa ameanza. Lakini Kavetsa akakataa. Alitaka kwanza kumwona Jentrix, ajue kama hamali amepatikana.

"Nenda basi, dada. Nikimaliza nakufuata."

Alifika Gatwekera akiwa amelowa. Mlango wa Jentrix ulikuwa wazi kidogo na koroboi inawaka ndani. Akabisha kwa kucha, taratibu.

"Jentrix?"

Jentrix hakuwa amerudi.

Kavetsa akajibana chini ya ukingo wa mabati. Maji yalimshukia mgongoni. Mama wa mlango wa pili alichungulia akamwambia, "Ingia ndani, mama, utapata homa," na Kavetsa akajibu kwamba hapo alipo ni pazuri. Hakuwa na hasira na mila yake. Alikuwa amechoka tu, na hakujua mahali pengine pa kusimama.

Upepo ukaja, ukasukuma mlango, ukainua pazia.

Macho ya Kavetsa yalikuwa chini, kama yanavyopaswa kuwa. Mwanamke mwingine yeyote angetazama kitandani. Yeye alitazama sakafuni, na chini ya kitanda, karibu na jiko la makaa, aliona viatu vya kahawia vimewekwa vikauke. Cha kushoto kilifungwa na waya mwekundu. Soli zilikuwa na udongo mwekundu, na udongo wa Gatwekera, mtu yeyote aliyewahi kuukanyaga anajua, ni mweusi.

Pale stendi hapakuwa na mkwe wa uongo. Alikuwa ni huyu huyu.

Kila kitu kikamjia kwa mpigo. Alhamisi iliyogeuka Ijumaa. Chai ya hamali, ili yeye achelewe. Mguu wa kushoto. Na siku nzima ya minong'ono nyuma ya pazia, ambayo yeye aliiita heshima.

Kavetsa akavuka kizingiti.

Shivachi alikuwa amelala chali, mguu umefungwa bendeji. Alipomwona alifanya lile ambalo mkwe mwema angefanya. Alivuta blanketi akafunika uso.

"Musimbi yuko wapi?" Kavetsa akauliza.

Blanketi likavutwa juu zaidi.

"Nakuuliza wewe. Mtoto umempeleka kwa nani?"

Blanketi likapanda na kushuka kwa pumzi. Kavetsa akalishika kwa mikono miwili akalivuta. Akamtazama mkwe wake uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake. Alikuwa mtu wa kawaida tu, kijana, ndevu hazijanyolewa, macho yana usingizi. Kavetsa alikuwa ametegemea kuona shetani.

"Mama."

Jentrix alikuwa mlangoni, amelowa chapachapa. Hakumtazama mumewe. Alimtazama mama yake amesimama kando ya kitanda cha mkwe, blanketi la mkwe mkononi.

"Mama, umefanya nini?"

"Viatu," Kavetsa alisema. "Jentrix, angalia viatu. Ndivyo vya yule mtu wa stendi. Waya ule. Angalia udongo. Anayechechemea Kawangware ni huyu."

Jentrix alivitazama viatu. Alivitazama kwa muda mrefu, midomo ikimcheza. Kisha akashika tumbo lake, akashika na nguzo ya mlango.

"Ni viatu vya mume wangu, mama," akasema. "Viko hapo siku zote."

"Na udongo?"

"Udongo uko kila mahali Nairobi."

"Jentrix, mwanangu."

"Mume wangu hawezi kukanyaga. Mimi ndiye namwosha, mama. Mimi ndiye namshika akienda nje. Nani atanitunza nikijifungua, nani atanilisha, nikianza kusema anadanganya?" Sasa alikuwa analia waziwazi. "Na wewe umeingia kwake. Umemvua blanketi. Watu wakijua nyumbani nitaficha wapi uso?"

Hapo Shivachi akazungumza. Aligeukia ukutani, kwa adabu kabisa, akasema na ukuta.

"Usimlaumu mama. Amechoka, mji umemchanganya. Haifai abaki huku. Kesho asubuhi mpandishe basi arudi nyumbani apumzike. Mtoto tutamtafuta sisi."

Ilikuwa sauti ile ile. Haifai tuongozane njia moja. Amechoka, apewe chai. Kavetsa alijua kwamba anaijua, na alijua pia kwamba hakuna mtu katika mji huu wote angeweza kumwambia hivyo akaamini. Angesema nini? Kwamba alimtambua mtu ambaye hajawahi kumwona?

Akamtolea binti yake ile sweta. Jentrix aliichukua, akainusa, akaikunja vizuri. Kisha akavuta kikapu cha mama yake karibu na taa, akaanza kukifunga kwa safari.

Mvua ilikuwa inapungua. Nje, kwenye ujia, baiskeli ikasikika inaburutwa matopeni, na kuku akalia.

"Hodi hapa," sauti ya mwanamume ikasema. "Mimi ni Nzomo, yule hamali. Wenzangu wameniambia mnanitafuta. Nimerudisha jogoo wa mama. Niliona nisilale na mali ya mtu."

Jentrix akaacha kufunga. Mikono yake ilibaki hewani juu ya kikapu.

Mtu mmoja tu Nairobi nzima alikuwa ameuona uso wa yule mwanamume wa stendi, na alikuwa pale, hatua chache kutoka kitandani, akingoja kukaribishwa. Kilichotakiwa ni Kavetsa aseme ingia. Neno moja. Akafungua mdomo, na ndani ya koo lake akaisikia ile nduru ya Kawangware, na ule ubao ukishuka, na mtu asiye na kosa akiuliza amekosea nini. Sauti haikutoka.

"Hodi tena wenyewe," Nzomo akasema, na mguu wake ukakanyaga kizingiti.

Shivachi akajiinua, akashuka kitandani, akasimama kwa ule mguu usioweza kukanyaga, akainama juu ya koroboi na kuipuliza.